Theluji: Jinsi Inavyoumbika Mawinguni na Inavyobadilika Mlimani



Mtu aliyezaliwa Sudi, katika pwani ya Lindi, akaishi huko umri wake wote, aweza kuondoka duniani bila kuiona theluji hata mara moja. Anaijua bahari, anazijua pepo za kusi na kaskazi, anaijua mikoko ya ghuba na mvua zinazoanza mwishoni mwa mwaka. Lakini theluji ameisikia tu kwa waliosafiri, au ameiona katika picha ya Mlima Kilimanjaro. Basi si ajabu kwamba akiulizwa habari zake atajibu: "Hayo ni mambo ya Ulaya, kwetu hayapo."

Nia ya somo hili ni kuonyesha kwamba jibu hilo si sahihi. Theluji ipo juu ya Sudi pia. Kinachotutenga nayo si umbali wa Ulaya, bali ni kilomita 5 hivi za hewa, zilizosimama wima juu ya vichwa vyetu. Tukiisha kufahamu jinsi inavyoumbika huko juu, tutafahamu pia jinsi inavyobadilika baada ya kuanguka; na mwishowe tutaweza kujibu swali ambalo kila mwananchi yampasa kulijua: Kwa nini barafu ya Kilimanjaro inatoweka, na je, maji ya mlima yatatoweka pamoja nayo?

SHAHIDI ALIYEKATALIWA

Kabla ya kuingia katika elimu yenyewe, yafaa tukumbuke kisa kimoja cha kweli. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mhubiri wa Kikristo kutoka Ujerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa safarini kwenda nchi ya Wachagga. Kwa mbali akaona juu ya mlima kitu cheupe. Alipomwuliza kiongozi wake wa njia, huyo hakuwa na jina la kitu kile, ila alikiita "baridi". Rebmann, ambaye alikuwa amezaliwa katika nchi ya theluji, alitambua mara moja alichokuwa akikitazama.

Habari zake zilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Huko London alikuwako bwana mmoja aliyesifika kwa elimu ya ramani za Afrika, William Desborough Cooley. Bwana huyu hakuwahi kufika Afrika ya Mashariki, lakini alizikataa habari hizo, akaona haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta. Ludwig Krapf, mwenzake Rebmann, alipouona Mlima Kenya na weupe wake mwezi Desemba 1849, yeye naye alipingwa. Mabishano yaliendelea kwa miaka mingi, mpaka Karl Klaus von der Decken na wenzake walipokwenda Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862 na kuupima mlima. Na tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, wakichonga ngazi katika barafu ili wapate kupanda.

Kisa hiki kina mafundisho mawili. Kwanza, mtu asiukatae ushahidi wa aliyeona kwa sababu tu haupatani na mazoea yake. Rebmann hakuwa wa dini yetu, lakini alisema kweli, na msema kweli hupewa haki yake awe wa dini yoyote. Pili, kuona peke yake hakutoshi. Baada ya kukubali kwamba theluji ipo, yatupasa tuulize imepataje kuwapo hapo. Swali la Cooley lilikuwa swali zuri. Kosa lake ni kuligeuza swali likawa hukumu.

KWA NINI JUU KUNA BARIDI?

Wengi hudhani kwamba apandaye mlima analikaribia jua, na kwa hiyo lazima aone joto zaidi. Lakini jua liko mbali nasi kilomita milioni 150 hivi. Kilomita 6 za mlima si kitu mbele ya umbali huo.

Ukweli ni kwamba miali ya jua hupita hewani bila kuipasha sana. Huipasha nchi kavu na bahari, kisha nchi na bahari huipasha hewa kutoka chini. Hewa iliyopata joto hupanda, na kadiri inavyopanda hukuta uzito mdogo zaidi wa hewa iliyo juu yake, ikatanuka. Hewa inayotanuka hupoa. Aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hupata joto kwa sababu hewa inabanwa. Na upepo ukiachiwa utoke ghafula, hutoka ukiwa wa baridi. Ni kanuni ile ile.

Kwa wastani, hewa hupoa kama digrii 6 kwa kila mita 1000 za kupanda. Basi tufanye hesabu. Ikiwa ufukweni Sudi kipimajoto kinaonyesha digrii 27, kwenye mita 4500 hewa itakuwa karibu na digrii 0, yaani kiwango cha maji kuganda. Na kwenye mita 5895, ambao ndio urefu wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, itakuwa kama digrii 8 chini ya sifuri. Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts cha Marekani waliweka vipimo vya hewa juu ya uwanja wa barafu ulio kaskazini ya kilele hicho, navyo vimeonyesha wastani wa digrii 7 hivi chini ya sifuri. Hesabu ya ufukweni na kipimo cha kileleni vyakaribiana sana.

MBEGU YA THELUJI

Shuleni tulifundishwa kwamba maji yakipoa mpaka digrii 0 huganda. Kwa maji ya ndoo hilo ni kweli. Lakini matone ya wingu ni madogo mno, nayo yaweza kubaki maji hata kwenye digrii 10 au 20 chini ya sifuri. Tone safi kabisa laweza kufika karibu digrii 38 chini ya sifuri kabla ya kuganda lenyewe. Sababu ni kwamba ili maji yawe barafu, yapasa chembe zake zijipange kwa utaratibu maalumu, na ni vigumu utaratibu huo kuanza pasipo kitu cha kuanzia.

Kitu hicho ndicho tukiitacho mbegu. Mara nyingi ni punje ya vumbi la udongo iliyochukuliwa na upepo. Pengine ni bakteria aliyepeperushwa kutoka katika majani ya mimea. Mvuke au maji yakigusa mbegu inayofaa, barafu huanza.

Hapo hutokea jambo la ajabu. Barafu huushika mvuke kwa nguvu zaidi kuliko maji yanavyoushika. Kwa hiyo fuwele chache za barafu zikiwa katikati ya matone mengi ya maji baridi, matone hutoa mvuke na kupungua, na fuwele huuchukua mvuke huo na kunenepa. Alfred Wegener wa Ujerumani alilidokeza jambo hili mwaka 1911, na katika miaka ya 1930 Tor Bergeron wa Sweden alionyesha kwamba ni njia mojawapo kubwa ya kuleta mvua.

Msomaji azingatie hapa: theluji si tone la mvua lililoganda. Theluji ni mvuke uliogeuka barafu moja kwa moja, bila kuwa maji kwanza. Ndiyo sababu ina umbo zuri lenye mpango, ambapo tone lililoganda ni kidonge tu.

KWA NINI PEMBE SITA?

Katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Lindi na Mtwara, maji ya bahari huachwa juani yakauke mpaka ibaki chumvi nyeupe. Chukua punje kubwa ya chumvi hiyo uitazame vizuri. Utaona ina pande bapa na pembe za mraba, kama kijisanduku. Hakuna fundi aliyeichonga. Chembe zake ndogo zisizoonekana zimejipanga mraba kwa mraba, na mpango wa ndani umetokea nje. Kitu chenye mpango wa namna hii huitwa fuwele.

Barafu nayo ni fuwele, lakini mpango wake ni mwingine. Kila molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Katika barafu kila molekuli hushikamana na jirani wanne, na zote kwa pamoja hufanya pete za sita sita, mithili ya sega la nyuki. Mpango huu una nafasi wazi ndani yake; ndiyo maana barafu ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea. Na kwa kuwa mpango wa ndani ni wa sita, umbo la nje huwa la pembe sita.

Mtaalamu wa nyota Johannes Kepler aliuliza swali hili katika kijitabu alichokitoa mwaka 1611. Alitaka kujua kwa nini theluji huwa na pembe sita daima, wala si tano au saba. Alifikiri juu ya vidonge vidogo vinavyopangwa pamoja kwa kubanana. Hakuwa na njia ya kuziona molekuli, lakini fikira yake ilielekea upande wa haki. Jibu kamili lilingoja mpaka karne ya 20, wataalamu walipoanza kuchunguza fuwele kwa miali ya eksirei.

UMBO HUELEZA NJIA ILIYOPITWA

Mwanzoni fuwele ya theluji ni kibao chembamba chenye pembe sita. Pembe hujitokeza nje, katika hewa yenye mvuke, kuliko pande. Kwa hiyo hupata mvuke kwanza na kukua upesi zaidi. Hivyo kila pembe huota mkono, na mkono huota matawi. Mikono yote sita hufanana kwa sababu inasafiri pamoja: inapita katika baridi ile ile na unyevu ule ule kwa wakati mmoja.

Katika Hokkaido, kaskazini ya Japani, Ukichiro Nakaya aliitengeneza theluji katika chumba cha baridi mwaka 1936, akiikuza juu ya unywele wa sungura. Aligundua kwamba umbo hutegemea mambo mawili: kiasi cha baridi na kiasi cha mvuke. Karibu na digrii 2 chini ya sifuri hutokea vibao vyembamba. Karibu na digrii 5 chini ya sifuri hutokea sindano na vijiti. Karibu na digrii 15 chini ya sifuri hutokea nyota kubwa zenye matawi, ambazo ndizo huchorwa katika picha. Na mvuke ukizidi, matawi nayo huzidi. Hivyo fuwele iliyoanguka ni kama msafiri ambaye vumbi la viatu vyake laonyesha njia aliyopita: mwenye elimu aweza kuitazama na kusema wingu lilikuwa la namna gani.

Husemwa mara nyingi kwamba hakuna theluji mbili zinazofanana. Usemi huu ulienezwa na kazi ya Wilson Bentley, mkulima wa kijiji cha Jericho katika jimbo la Vermont, Marekani, ambaye mwaka 1885 alipiga picha ya fuwele ya theluji kwa hadubini, na mpaka alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5000. Lakini yatupasa tuseme kwa uangalifu. Fuwele ndogo zilizo bado vibao vitupu hufanana sana hata chini ya hadubini. Zile kubwa zenye matawi mengi ndizo ambazo njia zake za kukua ni nyingi mno, hata haitegemewi mbili zilingane kabisa. Tena nyingi huvunjika au hushikamana njiani. Zilizo kamili kama za picha ni chache.

Na weupe wake watoka wapi? Fuwele moja haina rangi, ni angavu kama kioo. Lakini fuwele nyingi zikikusanyika, mwanga hugonga nyuso zake elfu na kutawanyika kila upande, na macho yetu huona weupe. Hali kadhalika povu la mawimbi mwambani ni jeupe, ingawa maji yenyewe hayana rangi.

THELUJI JUU YA SUDI

Sasa turudi pwani. Kati ya Novemba na Aprili, hewa yenye unyevu wa bahari hupanda juu ya pwani ya Lindi na kufanya mawingu. Mengine ni mafupi, hayafiki kwenye kiwango cha kuganda. Mvua yake hutokana na matone kugongana na kuungana, na hakuna theluji ndani yake. Lakini yako mawingu makubwa meusi, yanayosimama kama minara na kupanda zaidi ya kilomita 10. Sehemu yake ya juu imo katika baridi kali, nayo imejaa fuwele za theluji. Fuwele hizo huanguka, na zikishuka chini ya mita 4500 au 5000 hukuta joto, zikayeyuka. Mtu wa Sudi hupokea mvua. Lakini sehemu kubwa ya mvua hiyo ilikuwa theluji dakika chache kabla ya kugusa paa lake la makuti.

Utauliza: Dalili iko wapi? Dalili ni radi. Umeme wa mawingu hujikusanya hasa pale fuwele nyepesi za barafu zinapogongana na vidonge vizito vya barafu laini, katika mawingu yenye maji baridi sana. Nyepesi hupanda na umeme wa aina moja, na vizito hushuka na umeme wa aina ya pili, mpaka nafasi kati yao isiweze kustahimili. Basi kila usikiapo ngurumo usiku juu ya ghuba, jua kwamba juu yako kuna barafu. Mtu wa Sudi asiyepata kuiona theluji ameisikia mara nyingi.

Mara nyingine vidonge vya barafu hurushwa juu na upepo wa ndani ya wingu, vikakusanya maji na kuganda tabaka juu ya tabaka, kisha vikaanguka kabla ya kuyeyuka. Hiyo ni mvua ya mawe, ijulikanayo sana kwa wakulima wa chai wa Kericho na Nandi nchini Kenya. Tusiichanganye na theluji. Septemba 2008 watu wa karibu na Nyahururu, Kenya, waliona kilima kimefunikwa na weupe, wakasema ni theluji. Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba ni mvua ya mawe iliyoshikamana. Macho hayakudanganya kwamba ni barafu, ila jina lilikosewa.

THELUJI IKIISHA KUANGUKA

Wengi hufikiri kwamba theluji ikiisha kutua hubaki vile vile mpaka iyeyuke. Sivyo. Hubadilika tangu saa ile ile, nayo ina njia nne.

Kwanza, hupoteza ncha zake. Mvuke hutoka kwa urahisi katika ncha kali na kutua katika mabonde kati ya punje. Kwa hiyo nyota huwa vidonge vya mviringo, na vidonge hushikamana shingo kwa shingo. Theluji iliyokuwa laini kama pamba huwa ngumu.

Pili, ikiwa chini ya tabaka kuna joto kidogo na juu kuna baridi kali, mvuke hupanda ndani ya theluji yenyewe na kujenga punje kubwa zenye pembe, zisizoshikamana, kama sukari ya chengachenga. Tabaka la namna hii ni dhaifu. Katika milima ya Ulaya likivunjika, theluji ya juu huporomoka na kuua watu.

Tatu, mchana huyeyuka kidogo na usiku huganda tena, ikafanya gamba gumu na punje kubwa.

Nne, ikilaliwa na theluji ya miaka inayofuata, hubanwa. Theluji mpya ina hewa nyingi kuliko barafu. Mita moja ya ujazo yaweza kuwa na uzito wa kilo 100 tu, au chini yake. Ikizidi kubanwa hufika kilo 830 hivi, na hapo njia za hewa hufungwa, vibaki viputo vidogo. Hiyo sasa si theluji tena, bali ni barafu kamili, ambayo uzito wake hufika karibu kilo 917.

KWA NINI BARAFU YA KIBO INATOWEKA?

Mwaka 1912, kwa kadiri ya ramani iliyochorwa na Wajerumani, barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba kama 12. Mwaka 2011 ilibaki kilomita za mraba 1.76. Yaani katika kila sehemu 100, sehemu 85 zimekwisha. Na mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya yatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050.

Jibu la haraka ni kusema: "Dunia imepata joto, barafu inayeyuka." Dunia imepata joto, hilo ni kweli, na milima mingi inaonyesha hivyo. Lakini kileleni Kibo, kama tulivyoona, wastani ni digrii 7 chini ya sifuri. Mahali penye baridi namna hiyo, barafu yawezaje kwisha?

Hapa ndipo somo letu lote linapotumika. Barafu yaweza kugeuka mvuke moja kwa moja, bila kuwa maji, kwa njia ile ile iliyoumbika nayo, ila kinyume chake. Kazi hiyo huhitaji nguvu ya jua mara 8 hivi kuliko kuyeyusha. Lakini katika hewa kavu ya kileleni, chini ya jua la Ikweta, nguvu hiyo haikosekani. Kwa hiyo maisha ya barafu ya Kibo yategemea sana theluji mpya. Theluji mpya hurudisha angani sehemu 80 mpaka 90 katika kila 100 za mwanga wa jua, kama vile mtu wa pwani avaavyo kanzu nyeupe ili jua lisimchome. Barafu kuukuu yenye vumbi hurudisha chini ya nusu. Mvua za vuli zikikosekana, barafu hubaki bila kanzu yake, hunywa jua, nayo hupungua.

Tena barafu ya Kibo ina kuta zilizosimama wima. Juu ya ukuta theluji haikai. Kwa hiyo ukuta hauna kinga kamwe, nao hurudi nyuma mwaka hata mwaka bila kusimama.

Wataalamu walioichunguza wanaona kwamba tangu miaka ya 1880 hivi hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki iligeuka ikawa kavu zaidi, na kupungua kukaanza wakati huo. Twaweza kusema kwamba barafu ya Kibo inakufa kwa kiu kuliko kwa homa. Lakini mtu asidhani kwamba kiu hiyo haihusiani na joto la dunia. Unyevu wa mlima hutoka katika Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayoingia katika ghuba ya Sudi. Joto la bahari hiyo likibadilika, mvua nazo hubadilika: mwaka 1997 na mwaka 2019, upande wa magharibi wa bahari ulipopata joto kuliko kawaida, Afrika ya Mashariki ilipata mvua na mafuriko makubwa. Zaidi ya kilomita 800 zautenga mlima na Sudi, lakini maji yao ni mamoja.

JE, MAJI YA MLIMA YATAKWISHA?

Jambo hili lahitaji jibu la wazi, kwa maana maelfu ya watu hulima na kunywa kwa mito ya Kilimanjaro. Barafu iliyobaki ni ndogo sana, na mchango wake katika mito ni mdogo kabisa, hasa kwa kuwa nyingi yake hupotea kama mvuke. Maji ya mlima hutoka hasa katika msitu. Mvua nyingi kabisa huanguka katika ukanda wa msitu upande wa kusini, na miti hukamata hata ukungu upitao, maji yakadondoka na kuingia ardhini.

Ona jinsi sababu isiyo sahihi iwezavyo kuleta madhara. Mwenye kuamini kwamba maji yote hutoka katika barafu atasema: "Barafu inakwisha, hatuna la kufanya," na ataliacha shoka na moto viendelee msituni. Mwenye kujua sababu ya kweli ataulinda msitu leo. Ujinga wa Cooley uliwachelewesha wanajiografia. Ujinga wetu waweza kuwanyima watoto wetu maji.

HITIMISHO

Wako watu humwambia mwenye kutafuta dini kwamba achague: ama aseme Mungu ndiye aletaye mvua, ama aseme ni mvuke na baridi. Shuruti hiyo haina msingi. Kurani Tukufu, katika Sura Nur, inataja mawingu yanavyokusanywa, mvua inavyotoka ndani yake, na mvua ya mawe, na inamtaka mtu atazame. Atazamaye huona utaratibu: sita daima katika fuwele, sifuri ile ile mlimani na mawinguni, kanuni moja ya kujenga na kubomoa. Kuujua utaratibu wa kazi hakumwondoi Mwenye kazi.

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuona na subira ya kuchunguza. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini hewa ya juu ni baridi ingawa kilele kimelielekea jua?

2. Kuna tofauti gani kati ya theluji, tone lililoganda na mvua ya mawe?

3. Punje ya chumvi ina pembe za mraba na theluji ina pembe sita. Eleza sababu.

4. Ngurumo ya radi yathibitisha nini juu ya mawingu ya Sudi?

5. Eleza njia mbili ambazo theluji hubadilika baada ya kuanguka.

6. Jirani yako akisema, "Barafu ya Kilimanjaro ikiisha, maji yataisha," utamjibu nini, na utamshauri alinde nini?